Musa wa katuni katika makazi ya Nakivale
Katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, wilayani Isingiro, jirani na Mbarara, wengi ni Wakongo na Warundi. Familia za Kikristo zinazowaonyesha watoto The Prince of Egypt, katuni ya mwaka 1998 kuhusu Musa, ziwe na Biblia karibu.

Kwenye filamu, mtoto Musa anaopolewa mtoni na mke wa Farao. Kitabu cha Kutoka kinasema ni binti yake. Hilo ni swali jepesi.

Gumu liko Kutoka 2:22. Akiwa amekimbilia Midiani, Musa alimwita mwanawe Gershomu, kwa kuwa yeye alikuwa mgeni ugenini. Mtoto aliyezaliwa Nakivale atauliza: “Baba, mimi je, kwetu ni wapi?”

Mzazi asilikwepe. Aya hiyo inataja ugeni wa baba. Gershomu alizaliwa palepale.