Mswada Husomwa kwa Lugha Gani?

Kila mwanafunzi hukariri safari ya mswada katika Bunge letu: husomwa mara ya kwanza (kichwa chake tu, kusema kweli), hupelekwa kwa kamati inayosikiliza wananchi, husomwa mara ya pili na ya tatu, kisha Rais huutia sahihi au huurudisha Bungeni katika muda wa siku 14.

Je, husomwa kwa lugha gani? Kifungu cha 120 cha Katiba ya 2010 kinakitambua Kiswahili kuwa lugha rasmi ya Bunge, lakini miswada huandikwa kwa Kiingereza, tena Kiingereza cha mawakili. Mkulima aliyeitwa kutoa maoni ataunga mkono nini, na atapinga nini?

Wafasiri tunawafunza vyuoni kila mwaka. Bunge liwaajiri, na mswada utoke kwa Kiswahili siku ile ile unapochapishwa.