Mtoto Anayemlilia Mama Hajaharibika

Kila Januari, mlangoni mwa darasa letu la chekechea hapa Tanga, vilio havikosekani. Mtoto wa miaka 4 anang'ang'ania khanga ya mama yake, na mama ananiambia kwa haya, "Mwalimu, huyu kadekezwa na bibi yake." Mimi humjibu: hapana, mama, anajua wewe ndiye kimbilio lake.

Jambo hili lilichunguzwa kwa jirani zetu, Uganda. Mwaka 1954 mwanasaikolojia Mary Ainsworth alianza kuzitembelea familia 26 katika vijiji vya karibu na Kampala, akiwatazama watoto wachanga na mama zao. Aliona mtoto akitambaa kwenda kuchunguza vitu, akirudi kwa mama, kisha akienda tena. Watoto ambao mama zao waliwajua na kuwaitikia vyema walilia kidogo na kuthubutu zaidi. Matokeo aliyachapisha mwaka 1967 katika kitabu Infancy in Uganda.

Darasani nayaona hayo. Aliyezoea kubembelezwa mara nyingi hutulia upesi, akamgawia mwenzake udongo wa kufinyangia. Aliyezoea kukemewa "Nyamaza!" hujikunyata pembeni, au hupiga wenzake.

Mzazi, usimtoroke mtoto wako. Muage, mwambie, "Ukishakunywa uji na kucheza, nitakuja," kisha uje kweli. Akikasirika au akiogopa, msaidie kuitaja hisia hiyo. Anayesikilizwa nyumbani ndiye anayejifunza kuwasikiliza wengine.