Adabu na Undugu wa Vijana Viziwi

Katika Buswelu, yalipo makao ya Manispaa ya Ilemela, mtoto wa Kisukuma hufunzwa mapema kuwaamkia wakubwa kwa taadhima, na neno "Mwangaluka" hufuatwa na kuulizana hali za watu, mvua na mifugo. Kijana kiziwi hupiga magoti kama wenzake, lakini mazungumzo yenyewe hayamfikii. Kwani aghalabu wazazi wake ni watu wasikiao, na ishara wanazoelewana naye zatosha kwa maji na chakula, wala hazitoshi kumsimulia habari za babu zake.

Kwa sababu hiyo, ilhali watu wengine hurithi lugha kwa mama zao, kaumu ya viziwi huirithi zaidi kwa marika. Tangu ilipofunguliwa shule ya viziwi ya Tabora mwaka 1963, na ya Buguruni, Dar es Salaam, mwaka 1974, mabweni yamekuwa mahala pa urithi huo, hata lugha ya alama ya shule moja ikatofautiana na ya nyingine. Huko mgeni hupewa na wenziwe jina la alama, ima kwa kovu lake, ima kwa mwanya wa meno au namna yake ya kucheka, na kutajwa kwa umbile hakuhesabiwi tusi. Amwitaye mwenzake humpungia mkono, humgusa bega au hupiga sakafu kwa mguu. Wazungumzao huketi duara penye nuru. Na kumpa mtu kisogo angali anasema ni kumkata kauli. Likizo ifikapo, simu ya picha huuendeleza undugu huo.

Mwenye usikivu hafifu yu baina ya pande mbili: wasikiao humdhania kuwa asikia yote, kumbe huitikia kwa tabasamu neno asilolisikia, na viziwi, asipojua alama, humwona ajnabi.

Si haki kumlaumu kijana apendaye kukaa na viziwi wenziwe kuwa ameikimbia jamaa yake, maadamu jamaa haijajifunza kusema naye. Mzazi atakaye mwanawe aijue nasaba yake na aende kwa viziwi watu wazima, na kwa chama chao, CHAVITA, akajifunze alama, kisha amsimulie.