Nyota Pacha na Umbali wa Kilimia

Kilimia tunakijua sote. Ni kile kishada cha nyota ambacho Waarabu hukiita Thurayya, na ambacho wakulima wetu walikitazama kujua majira ya kulima. Je, kiko mbali kiasi gani?

Mwaka 1997 setilaiti ya Hipparcos ilitoa jibu: miaka ya nuru 390 hivi. (Mwaka wa nuru ni umbali, si muda, ni mwendo wa mwanga kwa mwaka mzima.) Wataalamu wengi hawakuridhika, kwani hesabu za awali zilikaribia 430.

Nyota pacha zilisaidia kuamua. Hizi ni nyota mbili zinazozungukana, na kila moja hupita mbele ya mwenziwe ikamkinga, mfano wa mwezi unapolikinga jua likapatwa. Mwaka 1783 John Goodricke, kijana kiziwi wa miaka 18 huko York, Uingereza, aliona kuwa nyota ya Ra's al-Ghul, yaani kichwa cha zimwi, hufifia kila baada ya siku 2 na saa 21 hivi. Akasema huenda kuna kitu kinaikinga.

Kutokana na muda wa kufifia na kasi ya nyota hizo, tunapata uzito na upana wa kila moja. Rangi yake hutuambia joto lake. Ukijua upana na joto, umejua nguvu halisi ya mwanga wake. Hapo ni kama taa: ukiisogeza mara mbili zaidi, mwanga unaokufikia hupungua mara nne. Basi umbali unapatikana.

Katika Kilimia, pacha hizo huitwa HD 23642. La kuchekesha ni kwamba kukingana kwake kulikuwamo katika vipimo vya Hipparcos yenyewe! Hesabu zilizotolewa 2004 na 2005 zilipata miaka ya nuru kati ya 430 na 450. Mwaka 2018 vipimo vya setilaiti ya Gaia vikaonesha kiasi cha 444. Pacha zilisema kweli.

Na umri? Nyota za kishada kimoja huzaliwa pamoja, na kila moja hutanuka kadiri inavyozeeka. Zilizo nzito huzeeka upesi. Kwa hiyo uzito na upana vikijulikana, umri hukadirika. Katika kishada cha NGC 6791, pacha ziitwazo V20 zilionesha miaka bilioni 8 hivi, ilhali jua letu lina bilioni 4.6. Kilimia bado kichanga, miaka milioni 125 hivi, na pacha zake hazijatanuka sana.