Kifua Kikuu cha Figo Chaweza Kufanana na Kansa

Tukisikia kifua kikuu wengi wetu tunafikiri juu ya kikohozi tu. Kumbe vijidudu vyake, alivyovigundua Robert Koch mwaka 1882, huweza kusafiri katika damu kutoka mapafuni hadi kwenye figo, na kulala humo miaka mingi kabla ya kuleta ugonjwa.

Mgonjwa huanza kukojoa mara kwa mara, hata usiku, tena kwa maumivu. Ubavu humwuma, na pengine mkojo hutoka na damu. Hupewa dawa za kawaida za njia ya mkojo, asipone. Akipigwa picha, figo huonekana imevimba au ukuta wa kibofu umenenepa, kama ilivyo kwa kansa. Hapo familia hukata tamaa. Wengine huuza ng'ombe kwa ajili ya waganga, wengine humrudisha mgonjwa nyumbani angoje kufa. Wapo hata waliotolewa figo, kisha maabara ikaonyesha kuwa ni kifua kikuu.

Kwa hiyo mwulizeni daktari kama mkojo umepimwa kifua kikuu. Unaotakiwa ni mkojo wa kwanza wa asubuhi, kwa siku 3 mfululizo. Mkojo wenye usaha mwingi, lakini usioonyesha vijidudu vya kawaida, hututia shaka. Kuotesha vijidudu vya kifua kikuu huchukua wiki kadhaa; mashine ya GeneXpert hutoa jibu kwa saa 2 hivi. Mara nyingine daktari hulazimika kukata kinyama kidogo kukipima. Mgonjwa apimwe pia mapafu na VVU.

Kwa kawaida dawa humezwa miezi 6, na hapa Tanzania hutolewa bure. Mojawapo, rifampisini, huufanya mkojo uwe na rangi ya chungwa. Hiyo si damu, msiache dawa. Anayechelewa hupata makovu yanayoziba mirija ya mkojo, na figo hufa.

Lakini tusidanganyane: damu katika mkojo yaweza kuwa kansa kweli, au kichocho. Hata isipouma, nendeni hospitali mapema. Ndugu zetu, tusimlilie mgonjwa kabla hajapimwa. Ugonjwa huu una dawa, na wengi hupona.