AFYA YAKO: Kwa Nini Miaka Mingine Vumbi Huzidi?

Mwezi wa Septemba ukifika, mkazi wa Tunduma hahitaji kalenda. Nguo zilizoanikwa asubuhi hugeuka rangi kabla ya mchana. Watoto hukohoa na macho yao huwa mekundu. Wengi huona kwamba hayo ni mambo ya kawaida ya kiangazi. Lakini miaka haifanani. Mwaka mmoja vumbi huvumilika, mwaka mwingine huingia mpaka ndani ya chungu cha mboga.

Ili vumbi liruke yapasa mambo matatu yakutane: udongo mkavu, ardhi iliyo wazi, na upepo wa kutosha. Moja likikosekana, vumbi hulala. Mambo yote matatu hufuata hali ya hewa.

Katika Mkoa wa Songwe mvua ni za msimu mmoja, kuanzia Novemba hadi Aprili hivi. Zikikatika, upepo mkavu wa kusi huvuma kutoka kusini-mashariki. Mwezi Mei na Juni vumbi bado ni dogo, kwa kuwa udongo una unyevu na mabua yamesimama shambani. Kufikia Agosti nyasi zimeliwa na mifugo au zimechomwa moto. Septemba na Oktoba jua huwa kali, ardhi hupata joto, na hewa iliyo juu yake hupanda kwa nguvu huku ikizunguka. Hicho ndicho kisulisuli. Wako wanaosema ni shetani anapita. Kama angekuwa shetani angepita hata usiku; kisulisuli hutokea mchana kwa sababu hutengenezwa na joto la jua.

Halafu huja mvua za kwanza. Wingu la radi linapomwaga maji, hewa baridi huporomoka pamoja nayo na kusambaa chini kwa kasi, ikiitangulia mvua. Ikikuta mashamba yaliyolimwa yakisubiri mbegu, huinua ukuta wa vumbi. Wenzetu wa Sudani huuita habubu, na kule unaweza kufunika mji mzima. Sisi hupata mdogo wake, lakini kifua cha mtoto hakijui tofauti hiyo.

Sasa tuje kwenye miaka. Vumbi la mwaka huu hutegemea sana mvua ya mwaka uliopita. Mvua ikiwa haba, nyasi huota chache, nazo huisha mapema. Jambo hili limepimwa. Katika kisiwa cha Barbados, ng'ambo ya Bahari ya Atlantiki, wataalamu walianza mwaka 1965 kupima vumbi linalovushwa na upepo kutoka Afrika. Ukame ulipolipiga eneo la Saheli miaka ya 1970 na 1980, vumbi lililofika Barbados liliongezeka sana. Mvua zilipokuwa nzuri zaidi baadaye, likapungua.

Lakini mvua nyingi nazo zina hila yake. Tazama Ziwa Rukwa. Ziwa hili halina mto unaotoka, na kina chake ni kifupi, kwa hiyo maji yake hupanda na kushuka kufuata mvua. Mito kama Momba huleta tope laini kutoka nyanda za juu na kulitandaza bondeni. Maji yakirudi nyuma, tope hukauka likawa tambarare wazi ya unga. Mwaka wa mafuriko ukifuatwa na ukame, tope hilo huwa ghala la vumbi. Na ukame hauko mbali nasi: Februari 2024 majirani zetu wa Zambia walitangaza ukame wao kuwa janga la taifa.

Je, dunia inavyozidi kupata joto, vumbi litaongezeka kila mahali? Wataalamu hawakubaliani, kwa sababu upepo na mimea pia hubadilika. Lililo hakika ni kwamba hewa yenye joto hunyonya maji ya udongo upesi zaidi.

Sasa afya. Punje kubwa za vumbi hunaswa puani. Zilizo ndogo kuliko sehemu moja ya mia ya milimita hupita zikaingia kifuani, na zilizo ndogo zaidi hufika ndani kabisa ya mapafu. Mwenye pumu hubanwa. Mtoto mchanga na mzee hupata shida kuliko wengine. Asubuhi za baridi za Juni na Julai moshi na vumbi hubaki chini mpaka jua lipashe hewa. Basi usifagie uwanja alfajiri mtoto akiwa mgongoni. Nyunyiza kwanza maji uliyooshea vyombo, ndipo ufagie.

Vumbi la mawe ni baya kuliko lote. Wachimbaji wadogo wa dhahabu wa Saza na Mkwajuni wanaosaga mawe makavu huvuta vumbi linaloacha makovu kwenye mapafu, na makovu hayo hayaponi. Mapafu ya namna hiyo hushikwa kwa urahisi na kifua kikuu. Mawe yaloweshwe kabla ya kupondwa.

Kuhusu macho, vumbi peke yake halileti trakoma. Vijidudu vyake huchukuliwa na mikono, nguo na nzi. Lakini uso mchafu, wenye vumbi na tongo, huwaita nzi. Utafiti wa Kongwa, Mkoa wa Dodoma, uliotangazwa mwaka 1995, ulionyesha kwamba vijiji vilivyopewa dawa na pia kuhimizwa kuosha nyuso za watoto vilikuwa na trakoma kali kidogo kuliko vilivyopewa dawa tu. Kikombe cha maji kinatosha uso mmoja. Na vumbi likiingia jichoni usisugue, osha.

Upepo hatuuwezi, ardhi tunaiweza. Huko Kondoa mifugo iliondolewa mwaka 1979 katika eneo lililomomonyoka vibaya, na nyasi na miti ikarudi. Si lazima tufike huko. Mkulima wa Mbozi anayeacha mabua yalale shambani badala ya kuyachoma amekwisha ufunika udongo wake kwa miezi yote ya kusi. Mistari ya miti upande unakotoka upepo husaidia pia, ingawa huchukua miaka.

Mtoto akikohoa, mtazame kifua akiwa ametulia, uhesabu pumzi zake kwa dakika nzima ukitumia saa. Aliye chini ya miezi 2 akifikisha pumzi 60, wa miezi 2 hadi 12 akifikisha 50, au wa mwaka 1 hadi 5 akifikisha 40, huenda ana nimonia. Mpeleke zahanati siku hiyo hiyo. Kama kifua kinabonyea chini ya mbavu anapovuta pumzi, usingoje hata kupambazuke.