Jiko Lililo Ndani ya Jani

Sogeeni wanangu, sogeeni. Palikuwa na bustani yenye matuta mawili ya mchicha. Tuta moja lilikuwa juani. La pili lilikuwa chini ya mwembe. Mbegu zilezile, siku ileile.

Wiki 3 zikapita. Mchicha wa mwembeni ukajigamba: "Nitazameni nilivyonenepa! Kila siku chache namwagiwa urea. Majani yangu mapana, laini!"

Mchicha wa juani ukajibu polepole: "Umenenepa, ndugu yangu. Lakini jikoni kwako kunapikwa nini?"

"Mjomba, kwani mchicha una jiko?"

Ahsante kwa kuuliza! Unalo. Jani ni jiko, na moto wake ni jua. Kwa moto huo jani hupika sukari. Kutokana na sukari hiyo hutengeneza vitamini C, ile inayosaidia vidonda vyenu kupona. Moto ukiwa mdogo, vitamini C nayo huwa kidogo.

"Na urea je?"

Urea ni unga. Katika kilo 100 za urea, kilo 46 ni naitrojeni. Udongoni hugeuka naitreti, na mizizi huipeleka jikoni. Hapo bado ni unga mbichi. Lazima jani liipike ndipo iwe protini. Juani hupikika upesi. Kivulini moto ni hafifu, na unga unazidi kuletwa! Basi hurundikana mbichi, hasa kwenye vikonyo. Ndiyo maana mchicha wa mwembeni ulijaa maji na naitreti, vitamini C ikawa haba. Mimi siilaumu urea, maana udongo uliochoka huihitaji. Ila itiwe kwa kiasi. Samadi iliyooza vizuri ni mpole zaidi: hutoa chakula taratibu, jiko lisizidiwe.

"Mjomba, na madini ya chuma, jani linayapika pia?"

Loo! Swali hili limenifurahisha kuliko yote. Hapana, mwanangu. Chuma hakipikwi. Zinki haipikwi. Jua liwake litakavyo, jani haliwezi kutengeneza madini hata chembe. Ni mizizi inayoyatoa udongoni. Udongo usipokuwa na zinki ya kutosha, mchicha utaota, utapendeza machoni, na zinki yake itakuwa kidogo. Tena kila mchicha unaong'olewa kwenda sokoni huondoka na madini ya shamba. Usiporudisha kitu, unafikiri mchicha unaofuata utayapata wapi?

Ufini, nchi ya mbali yenye baridi kali, udongo ulikuwa na upungufu wa madini yaitwayo seleniamu, nayo mwili huyahitaji. Mwaka 1984 ikaamuliwa yachanganywe kwenye mbolea. Mimea ikayavuta, ng'ombe wakala, watu wakayapata kwenye mkate na maziwa. Hawakubadilisha chakula chao. Walilisha udongo wao. Sisi nasi tunayo samadi, tunayo mboji, na vyote hurudisha madini shambani.

"Basi mjomba, tuchume saa ngapi?"

Jioni! Jiko limewaka mchana kutwa, naitreti imepungua, sukari imeongezeka. Na tuupike jioni hiyohiyo, kwa sababu vitamini C huzidi kupungua tangu mchicha unapochumwa. Haya, nani analeta ungo?